Shangazi, fizikia inalipa huko Ujerumani?

Mwanangu, umeniuliza mambo matatu kwa mkupuo: kazi ninayoifanya ni ipi hasa, inalipa au hailipi, na je, ukimaliza shahada yako hapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nawe ushike njia hii uje Ujerumani? Baba yako naye kaongeza la kwake, kwamba mbona miaka yote hii niko Ulaya na kiwanja changu cha Kibaha bado kinaota nyasi. Wenzako wa darasani nao wamenitumia maswali hayo hayo. Nimeona nijibu mara moja, kwa kirefu, nawe uwasomee wote, baba yako akiwemo.

Kwa kifupi: kazi ni nzuri kuliko nilivyotegemea, mshahara unatosha kuishi lakini si wa kutajirika, na kinachoumiza ni mikataba. Anayetafuta hela kuna njia za haraka zaidi kuliko hii. Mwenye swali la kisayansi linalomkosesha usingizi, na vifaa vya kulijibu havipo nyumbani, huyo nina mengi ya kumwambia.

Nianze na kazi yenyewe: napima vitu kwa mwanga usioonekana kwa macho, wa infraredi na terahezi. Unaujua mwanga tunaouona, na unayajua mawimbi ya redio. Chini kidogo ya rangi nyekundu kuna miale ya infraredi, ile aliyoigundua William Herschel kule Uingereza mwaka 1800: alitandaza mwanga wa jua kwa prizimu, akaweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, na zebaki ikapanda. Ukizidi kushuka, kabla hujafika kwenye maikrowevu, unaingia eneo la terahezi, tangu terahezi 0.1 hadi 10 hivi. Terahezi moja ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa maikromita 300, karibu theluthi moja ya milimita.

Kwa miaka mingi eneo hilo lilikuwa pengo kati ya mafundi wa elektroniki na mafundi wa mwanga. Saketi za kielektroniki zikipandishwa mpaka huko huishiwa nguvu. Leza nazo zikishushwa mpaka huko hukwama, kwa kuwa fotoni, yaani punje moja ya mwanga, ya terahezi moja ina nishati ya milielektronivolti 4 tu (hicho ni kipimo kidogo mno cha nishati), ilhali joto la chumba peke yake ni kama milielektronivolti 25. Kila kilichomo chumbani kinang'aa katika mawimbi hayo: ukuta, meza, hata mwili wako. Kuipata ishara ndogo ya sampuli ndani ya mng'ao huo ni sawa na kumsikiliza mtu anayekunong'oneza Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Ndiyo maana baadhi ya vigunduzi vyetu tunavipoza kwa heliamu ya kimiminika, kelvini 4 tu juu ya sifuri halisi, ili angalau chombo chenyewe kisiongeze kelele yake.

Mlango ulifunguliwa na leza za mipigo mifupi. David Auston na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walionyesha kwamba ukipiga kipande cha semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusu nusu, chenye volteji kwa mpigo mfupi mno wa mwanga, mkondo wa umeme unaamka ghafla kiasi cha kutoa wimbi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Daniel Grischkowsky na kikundi chake cha IBM wakaifanya njia hiyo kuwa chombo cha kupimia, na mwaka 1989 wakachapisha vipimo vya mvuke wa maji ambavyo mpaka leo tunawafundishia wanafunzi.

Nikueleze inavyokuwa mezani, maana hapa ndipo nilipotekwa. Leza inatoa mipigo, kila mmoja wa pikosekunde 0.1 hivi, pikosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara trilioni. Kioo kinaugawa mwanga pande mbili. Upande mmoja unapiga semikondakta, elektroni zinachomoka, na wimbi la terahezi linazaliwa. Wimbi hilo linapita kwenye sampuli mpaka kwenye kigunduzi. Upande wa pili wa mwanga unazungushwa njia nyingine na kulikuta wimbi pale kwenye kigunduzi, ukisoma nukta yake moja tu. Unasogeza kioo kidogo, unasoma nukta inayofuata. Kioo kikisogea milimita 0.15, mwanga unasafiri milimita 0.3 zaidi kwenda na kurudi, na hiyo ni pikosekunde moja. Nukta kwa nukta, wimbi lenyewe linajichora kwenye skrini: linapanda, linashuka, linatikisika kidogo mkiani. Siyo nguvu yake tu kama ilivyo kwenye mashine nyingi za mwanga. Unaona uga wa umeme wenyewe ukicheza ndani ya wakati ambao hakuna saketi ya kawaida inayoweza kuufuata. Kutokana na mchoro huo unapata kwa pamoja kiasi ambacho sampuli imemeza na kiasi ambacho imelichelewesha wimbi. Mara ya kwanza kuuona mchoro huo ukitoka mikononi mwangu nilisimama pale kwa muda mrefu, na mpaka leo bado unanisisimua.

Adui yetu mkubwa ni maji. Molekuli ya maji inazunguka kwa kasi zinazolingana na mawimbi haya, kwa hiyo mvuke ulio hewani unakata ishara kwenye terahezi 0.557, 0.752, 1.097 na sehemu nyingine nyingi. Meza nzima inakaa ndani ya sanduku, na sanduku linapulizwa nitrojeni kavu. Ukifungua kubadilisha sampuli, unafunga na kusubiri unyevu ushuke kabla ya kugusa kitu chochote. Sasa fikiria chumba hicho kikiwa Dar mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto na umeme unakatika.

Wanaastronomia, wale wanaochunguza nyota, wanapambana na adui huyo huyo, na wao waliamua kumruka. Marekani na Ujerumani zilipachika darubini kwenye ndege aina ya Boeing 747SP, wakaiita SOFIA, ikawa inapima ikiwa kilomita 12 na zaidi angani, juu ya karibu mvuke wote wa dunia. Mwaka 2019 timu iliyotumia kifaa chake cha terahezi kilichotengenezwa Ujerumani ilitangaza kuiona angani molekuli ya heliamu na haidrojeni, ambayo wananadharia husema ndiyo ya kwanza kuungana baada ya ulimwengu kuanza. Safari za ndege hiyo zilikoma mwaka 2022. Nakutajia ujue kwamba ukiijua meza hii, haikufungii mlango mmoja tu.

Na mji huu ninaoishi, Berlin, una deni letu sote tunaosoma fizikia. Mwaka 1900, katika taasisi ya vipimo iliyoko mtaa wa Charlottenburg, Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum walikuwa wakipima miale mirefu ya infraredi inayotoka kwenye tanuri. Walikuwa wakiuakisi mwanga tena na tena kwenye vipande vya fuwele, floraiti na chumvi ya mwambani, mpaka inabaki miale ya urefu mmoja tu. Ya chumvi ilikuwa maikromita 51. Kanuni ya mwanga wa vitu vya moto iliyokuwa ikiaminika wakati huo ilishindwa kwenye vipimo vyao. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba Rubens alikwenda na mkewe kumtembelea Max Planck nyumbani kwake, akamweleza alichokiona. Planck akaandika kanuni mpya, akaiwasilisha tarehe 19 Oktoba, na tarehe 14 Desemba akaja na maelezo yake: nishati hutoka kwa vipande, haitoki mfululizo. Maikromita 51 ni karibu terahezi 6. Kwa hiyo ile kwanta wanayowafundisha mwaka wa pili ilitokana na watu wawili wenye subira, waliopima vizuri katika eneo hili hili ninalofanyia kazi. Vitabu vingi vinamtaja Planck peke yake, nami naona hiyo si haki kwa waliopima.

Mimi napima nini? Vifaa vya sola. Hilo nililitoa hapo hapo Mlimani. Idara yenu ya Fizikia ina mizizi mirefu katika vifaa vya nishati ya jua, na sehemu kubwa ya msaada wake wa miaka mingi ilitoka kwa mpango wa sayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Sisi tulifundishwa kutengeneza utando mwembamba na kupima unavyomeza mwanga. Huku nimeingia kwenye perovskaiti, zile fuwele za risasi na iodini ambazo ndani ya miaka michache zilizifikia seli za silikoni kwa ufanisi, lakini bado zinaharibika upesi zikikutana na unyevu na joto. Tunaipiga sampuli kwa mwanga kama wa jua, halafu kabla elektroni hazijatulia tunapitisha wimbi la terahezi na kuona zinavyotembea: zina wepesi kiasi gani, zinadumu muda gani, zinapotelea wapi. Hakuna waya wala mguso. Na kwa kuwa fuwele zenyewe hutetema karibu na terahezi 1 na 2, kwa kipimo hicho hicho unaona jinsi mtetemo wa fuwele unavyozisumbua elektroni. Kwa mtu aliyekulia kwenye nchi yenye jua kama yetu, hili swali lina maana hata nikiamka nimechoka.

Haya, hela.

Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vipo vyuo vingine vilivyoanza kutoza, kwa hiyo usisikilize habari za kijiweni, soma tovuti ya chuo chenyewe. Kikwazo cha kwanza kwa mwanafunzi wa uzamili asiye na ufadhili ni akaunti iliyofungwa: lazima uonyeshe una fedha za kuishi mwaka mzima, na tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904, unazotoa 992 kila mwezi. Familia yetu haina fedha hizo, na nakuomba usimruhusu baba yako auze shamba kwa ajili hiyo. Tafuta ufadhili kwanza. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana nafasi kwa Watanzania na Wakenya, na maombi yake yanataka maandalizi ya mwaka mzima.

Uzamivu ni tofauti. Hapa mwanafunzi wa uzamivu wa fizikia kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba. Daraja letu linaitwa E13. Mshahara kamili wa kuanzia unazidi euro 4,500 kwa mwezi kabla ya makato, lakini wengi hupewa theluthi mbili, robo tatu, wengine nusu, huku kazi ikiwa ya siku nzima. Asiye na ndoa, kwa mshahara kamili, baada ya kodi, pensheni na bima ya afya hubaki na kama asilimia 60. Katika hizo unatoa pango, na Berlin pango limepanda vibaya. Kinachobaki ni maisha ya heshima. Unakula, unavaa, unatibiwa bila kuogopa bili, na hilo la matibabu si dogo hata kidogo.

Lakini hicho kinachobaki kina wenyewe. Kuna ada za wadogo, dawa za bibi yako, michango ya harusi na rambirambi. Sijapata kulalamika na sitalalamika sasa, kwa kuwa ukoo ndio ulionisomesha. Nataka tu baba yako aelewe: nyasi za Kibaha zimeota kwa sababu nilichagua ada za shule kabla ya matofali. Kuna vijana wa nyumbani waliokuja kubeba maboksi kwenye maghala, wakaweka akiba na kujenga kabla yangu, na hawakuibia mtu. Mwanasayansi wa Ulaya si tajiri, na si halali tuendelee kuwadanganya vijana kwa picha za theluji.

Sasa mikataba, na hapa nisome polepole. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2007 inaruhusu vyuo kuwaajiri watafiti kwa mikataba ya muda: kwa kawaida hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake. Baada ya hapo lazima upate nafasi ya kudumu, au fedha za mradi, au uondoke chuoni. Nafasi za kudumu chini ya uprofesa ni chache mno. Mwaka 2021 watafiti wa hapa walipaza sauti mtandaoni kwa maelfu baada ya kuiona video ya wizara ya elimu na utafiti iliyoisifu sheria hiyo kupitia mhusika wa kubuni aitwaye Hanna. Kila mmoja akaandika kwamba yeye ndiye Hanna. Wajerumani wenyewe wanaumia. Ila Mjerumani mkataba wake ukiisha anapoteza kazi. Wewe mkataba ukiisha, kibali chako cha ukaazi nacho kinafika ukingoni.

Unajua babu yako alifariki mimi sikuja. Wengi hapo nyumbani walisema Ulaya imenibadilisha. Ukweli wake ni huu. Chuo nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimeniongezea mkataba kwa miezi michache tu, wakisubiri fedha za mradi. Kibali kinafuata mkataba, kwa hiyo nilikuwa nimekipeleka kibali kifanywe upya kwenye ofisi ya wageni na nilibaki na karatasi ya muda ambayo kwangu haikuruhusu kutoka na kurudi. Nilipiga simu, niliandika, nilikwenda kusimama mlangoni alfajiri. Siku ya mazishi nilikuwa maabara, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na baba yako aliniwekea simu karibu na kaburi nisikie dua. Haya nayaandika kwa mara ya kwanza, nawe ukiulizwa na shangazi na wajomba, wasomee kama yalivyo.

Mikutano nayo. Uwanja wetu una mkutano mkubwa wa kila mwaka wa mawimbi ya infraredi, milimita na terahezi, unaohamahama duniani. Mwenzangu mwenye pasipoti ya Ulaya ananunua tiketi na kwenda. Mimi naanza na viza miezi kabla, na kuna mwaka ubalozi mmoja ulinijibu mkutano ukiwa umekwisha. Kazi yangu ikasomwa na mtu mwingine. Katika sayansi kazi hupatikana kwa kuonekana na kuulizwa maswali, kwa hiyo pasipoti nayo inaingia kwenye wasifu wako hata kama hujaiandika.

Kuhusu maisha ya kila siku sitasema mengi, kila aliyekuja huku ameshayasema. Maabara yanaendeshwa kwa Kiingereza, lakini mtaa, hospitali na ofisi ni Kijerumani, na asiyejua Kijerumani anaishi nusu. Baridi inazoeleka, giza la Desemba saa kumi jioni ndilo gumu. Kutafuta nyumba kwa jina la Kiafrika kunachosha roho. Kazini nimeheshimiwa, tena sana. Msimamizi wangu wa uzamivu alinifundisha kupanga vioo kwa mikono yake mwenyewe na hakuwahi kunifanya nijione mgeni. Waswahili wapo, tunakutana sikukuu, tunapika pilau, tunaongea mpaka majirani wagonge ukuta.

Wanaomaliza huenda wapi? Wachache wanabaki chuoni. Wengi wanaingia viwandani: Bruker wanaotengeneza mashine za infraredi, Menlo Systems na TOPTICA kule upande wa München wanaotengeneza leza na vifaa vya terahezi, na viwanda vya magari vinavyopima unene wa tabaka za rangi bila kugusa. Huko mkataba ni wa kudumu na mshahara ni mkubwa zaidi. Ukinisikiliza, tangu mwaka wa kwanza wa uzamivu jifunze vitu viwanda vinavyovitaka: kuandika programu, saketi za umeme, kushika leza bila kuogopa na bila kuidharau. Mwenye ujuzi huo hapigi magoti kwa yeyote mkataba ukiisha.

Lakini ninachotaka ukitafakari zaidi hakipo Ujerumani. Infraredi na terahezi ni majirani, ila kwa mtu wa nyumbani si sawa. Meza ya terahezi yenye leza ya nguvu inagharimu laki kadhaa za euro, inataka hewa kavu, umeme usioyumba na fundi wa karibu. Hiyo bado ni kazi ya kuifuata ilipo. Mashine ya infraredi ya kati, ile ndogo ya mezani, unaibeba mkononi, na kazi kubwa imeshafanywa nayo kwetu, tena kazi ambayo Ulaya inaisoma.

Nenda kasome walichofanya Taasisi ya Afya Ifakara pamoja na Chuo Kikuu cha Glasgow. Mbu akishameza vimelea vya malaria huchukua zaidi ya siku kumi hivi kabla hajaweza kumwambukiza mtu, kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi muda mrefu. Kujua umri wa mbu kulikuwa ni kumpasua chini ya hadubini na kukisia. Wao wanamkausha, wanamweka juu ya kipande kidogo cha almasi, wanambana, na miale ya infraredi inasoma ngozi yake: kitini, protini na nta, ambazo hubadilika anavyozeeka. Kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya mbu inasema ni wa aina gani na ana umri gani. Mwaka 2019 walitoa pia makala za kutambua mbu amenyonya damu ya mnyama gani, na kutambua malaria kwenye matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi. Watafiti wengi wa kazi hizo ni Watanzania. Niliposoma makala hizo nikiwa hapa nilijivunia, na nilijiuliza mengi.

Nairobi nako, kituo cha utafiti wa kilimo mseto cha ICRAF kina maabara inayopima udongo kwa infraredi. Badala ya kemikali na siku nyingi, udongo uliosagwa unaangaziwa mwanga, na ndani ya dakika chache wanakadiria kaboni, mfinyanzi na mengine. Wamepokea udongo kutoka nchi nyingi za Afrika. Hayo yote ni fizikia, ingawa idara za fizikia hazikuyaanzisha, na hilo ni jambo la walimu wenu kulifikiria. Ukitaka nadharia, Kigali kuna taasisi ya EAIFR iliyo chini ya mwavuli wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia. Ukitaka mwanga mkali wa sinkrotroni, ile mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi mpaka zitoe mwanga, bila kuja Ulaya, SESAME iko Jordani, na mstari wa kupimia kwa infraredi ni miongoni mwa ya kwanza kufunguliwa pale. Afrika bado haina sinkrotroni yake, na wapo Waafrika wanaoipigania. Natamani kizazi chako kiione.

Kwa hiyo ukiniuliza uje au usije, nakurudishia swali: unataka kupima nini? Kama ni mbu, udongo, dawa bandia, mafuta ya kula yaliyochakachuliwa, anza hapo hapo. Fanya uzamili Dar au Arusha kwenye taasisi ya Nelson Mandela, omba nafasi ya mafunzo Ifakara, uchapishe makala, halafu ukija huku uje kwa miezi michache kama mtu mwenye sampuli ambazo Wazungu hawana. Mtu wa namna hiyo hupokelewa tofauti kabisa. Kama ni elektroni kwenye perovskaiti, au sumaku zinazotikiswa kwa terahezi, njoo, nami nitakushika mkono, ila uje ukijua kwamba unaingia kwenye mikataba mifupi na kwamba kurudi nyumbani na taaluma hiyo kunahitaji mpango unaouanza kabla ya kuondoka. Usimkatie mguu mwalimu wako wa Mlimani. Mwandikie kila mwaka. Mpelekee takwimu, andika naye makala.

Umeniuliza pia kama najuta. Sijuti. Ningezaliwa tena ningepima tena. Lakini mwaka huu nimeanza kuongea na idara yenu juu ya kuleta mashine moja ya infraredi iliyotumika na kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa tatu wakati wa likizo yangu. Suala la ushuru wa forodha na nani atailipia matengenezo bado tunalijadili, na ikishindikana mwaka huu tutaanza na data za bure za mtandaoni na kompyuta zenu.

Wewe kwa sasa fanya haya. Nitumie matokeo yako ya masomo na ukurasa mmoja unaoeleza mradi wako wa mwaka wa mwisho: ulipima nini, kwa kifaa gani, kosa la kipimo lilikuwa kiasi gani na ulilijuaje. Usiandike kwamba una shauku kubwa ya sayansi. Profesa anapokea barua za namna hiyo kila siku na anataka kuona kama umewahi kukaa na kifaa kinachogoma mpaka ukajua kinagoma kwa nini. Anza Kijerumani, hata saa moja kwa siku. Python, lugha ya kuandikia programu, uijue vizuri. Ukurasa huo nitausoma kwa kalamu nyekundu kama nilivyokusomea insha zako ukiwa darasa la saba, na tukishaurekebisha ndipo tutaamua pamoja aandikiwe nani kwanza, mtu wa Ifakara au mtu wa Berlin.